Mwalimu Aliyeyaacha Maneno Yakae Popote

Kama ulisoma Kilatini pale Kasongo, ulisoma kwake. Na kama hukusoma, bado alikufundisha, maana pikipiki iliyokupeleka sokoni ilikuwa na Kilatini chake nyuma ya kiti, na duka uliponunua sabuni lilikuwa na Kilatini chake juu ya mlango, nawe uliinua macho ukajiuliza hawa watu wanasema nini. Tulimwita Mwalimu, basi. Walimu wengine walikuwa na majina. La kwake lilikwisha kwa kutotumiwa. Ukoo wake sitaugusa, kwa kuwa yeye mwenyewe alibadilisha jibu kufuatana na aliyemuuliza.

Neno moja nalisema mapema. Mtu huyu aliyaruhusu maneno yote ya dunia yatangulie au yafuate yanavyotaka, akashindwa kumtangulia kwa salamu mtu mmoja tu, rafiki yake wa miaka yote, Fundi wa Rangi. Miaka ilipita wakiwa hawasalimiani. Mengine yote nitakayosimulia ni mapambo ya jambo hilo, ingawa mapambo yake ni mengi na mimi napenda kuyasimulia.

Watu walimfuata kutafuta devize. Devize ndiyo yale maneno mafupi ambayo kila mwenye kitu kwetu anataka yakae juu ya kitu chake: timu ya mpira, kikundi cha akina mama wa karanga, wachimbaji wa Salamabila waliopata dhahabu kidogo na kiburi kingi. Kwa Kiswahili devize haikuwa na uzito wa kutosha. Kwa Kifaransa kila mtu angeielewa, kwa hiyo haina maana. Walitaka Kilatini.

Mwalimu aliwapokea barazani kwake, mbele ya meza ndogo iliyokuwa na mguu mmoja mfupi. Mteja alisema shida yake kwa Kiswahili. Mwalimu alifumba macho, akanung'unika, kisha akakata vipande vya katoni la sabuni na kuandika neno moja kwenye kila kipande. Vikawa vitatu, mara chache vinne. Devize ya maneno matano aliikataa, akisema hiyo ni hotuba. Halafu alivisukuma vile vipande mbele ya mteja.

"Sasa panga," alisema.

"Nipange miye? Mwalimu, miye sijui Latini."

"Neno ya Latini inabeba mukia yake. Iweke mbele, iweke nyuma, mukia itasema ni nani anapiga na nani anapigwa. Panga."

"Na ile ya kweli iko gani?"

"Zote za kweli."

"Basi tofauti iko nini?"

"Tofauti iko moyo yako," alisema Mwalimu, akaenda kunywa maji kumpa mteja nafasi ya kuteseka.

Namkumbuka dereva mmoja wa pikipiki wa njia ya Salamabila. Alitaka iandikwe kwamba Mungu anamlinda. Mwalimu akampa vipande vitatu: DEUS, ME, SERVAT. Mungu, mimi, analinda. Dereva alipoelezwa kila kimoja, akajiweka mbele yeye mwenyewe, kwa sababu, alisema, yeye ndiye anayeshika usukani. Mwalimu akavisoma vile vipande.

"Iko sawa kabisa. Ila Mungu sasa umemukalisha nyuma, kama abiria."

Dereva alikuna kichwa. Alifikiria mashimo ya njia ile, na yale madaraja ya magogo. Mwishowe akachukua kipande cha DEUS kwa vidole viwili, akakihamishia mbele. "Aendeshe yeye," alisema. "Ile njia miye siijui yote."

Darasani alifanya vivyo hivyo, ila badala ya katoni alitutumia sisi. Kila mwanafunzi alikuwa neno. Tulisimama mbele ya ubao, yeye akipiga makofi tukabadilishana nafasi, na wenzetu waliokaa walitakiwa kusema kama maana imebadilika. Haikubadilika kamwe, wala wao hawakuacha kubishana. Wasichana warefu walipewa vitenzi. Mimi nilikuwa mfupi, basi nilipewa ET, ile "na", kijineno ambacho hakina haki ya kutembea kama wenzake, kazi yake ni kusimama katikati na kushikana mikono na wengine. Mwaka mzima nilikuwa "na". Siku moja nikalalamika nami nataka kuwa kitenzi. Mwalimu akaniambia, "Mwanangu, kitenzi kikikosekana tunakihisi kichwani. 'Na' ikikosekana watu wanagawanyika." Nilikasirika sana. Sasa ninauza vitenge kati ya Kasongo na Salamabila, nimeolewa katika nyumba yenye wake wenza, na kazi ya kuwa "na" naifanya kila siku.

Alikuwa Mwislamu wa zile familia za mji, mwenye kofia iliyofuliwa mpaka ikawa laini, na alifundisha Kilatini katika shule ya mapadri. Jambo hili halikumsumbua yeye, liliwasumbua wengine. Siku moja baada ya sala ya Ijumaa mzee mmoja alimuuliza kwa sauti ya kumtega kama haoni haya kula mkate kwa lugha ya padri.

"Padri aliikopa tu," alijibu Mwalimu. "Wenyewe walishakufa wote. Hakuna wa kumurudishia."

Lakini uhuru huo ulikuwa wa maneno peke yake. Nyumbani kwake kila kitu kilikuwa na nafasi yake na ole wako ukikisogeza. Viatu vya kulia vilikaa upande wa kulia. Sukari iliingia kikombeni kabla ya chai. Chai ikitangulia, alikisukuma kikombe kando kama kimeingia nzi. Maji ya kunawa yalizunguka kwa umri, kutoka kwa mkubwa hadi mdogo, na nilimwona kwa macho yangu akiagiza maji mengine kwa sababu shemeji yake alinawa kabla ya zamu. Mke wake alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu, na alikuwa akimwambia mbele ya wageni: "Weye, Latini yako inaishia mulangoni."

"Mutu si neno," alijibu.

"Mutu pia iko na mukia," alisema mke wake, na sisi wanafunzi tulitazama chini tusije tukacheka.

Sasa Fundi wa Rangi. Alikaa nyumba ya pili kutoka kwa Mwalimu. Alikuwa Mubangubangu wa upande wa Kabambare, Mkristo wa kwaya, mwenye sauti nene na mikono isiyotetemeka. Kila devize iliyotoka kwa Mwalimu iliishia kwake. Mteja alimpelekea vile vipande vya katoni katika mfuko, vimechanganyika, naye Fundi hakuuliza mpangilio. Aliutazama ukuta kwanza. Aliona dirisha liko wapi, mvua inapiga wapi, kisha akaliweka neno nene palipokuwa na nafasi na neno jembamba penye kona. "Ukuta ndiyo inaamua," alikuwa akisema. Shuleni hakukaa sana. Alisoma Kiswahili polepole, na Kilatini alikijua kwa maumbo, kama mshonaji anavyojua mwili wa mtu bila kujua jina lake.

Mwalimu alipita baadaye, mikono mgongoni, akasoma, na kila mara alisema, "Latini imekubali." Hapo kazi ilikuwa imekwisha. Alasiri walikunywa chai pamoja, sukari kwanza.

Kulikuwa na mchezo wao mmoja ambao mtaa mzima uliujua. Hakuna aliyejua nani kati yao ni mkubwa. Cheti hakikuwapo, wazazi walikuwa wamekufa, na kila mmoja alidai kwamba alimtangulia mwenzake duniani. Mwalimu alidai alikuwa tayari anachunga mbuzi Fundi akiwa bado mgongoni kwa mama yake. Fundi aliuliza, kama ulikuwa unachunga mbuzi kule, uliniona vipi huku mgongoni? Kwa hiyo kila mmoja alimwita mwenzake "mudogo wangu". Na kwa kuwa kwetu mdogo ndiye anayetangulia kumsalimu mkubwa, kila asubuhi kila mmoja alisimama mlangoni kwake akingoja asalimiwe, mpaka mmoja anashindwa kwa kicheko na kusema jambo. Wakati ule walikuwa wanacheka.

Kisha shule ikapata geti jipya la chuma, lenye pande mbili. Prefe, yaani mkuu wa shule, akamwomba Mwalimu devize. Sijapata kumwona mtu akiteseka hivyo kwa maneno matatu. Alitukabidhi mazoezi tuyafanye wenyewe, akakaa dirishani. Alitaka liwe jambo ambalo mtoto ataliona akiingia, na akiwa mzee atalikumbuka. Mwisho akaja na OMNIA APERIT PATIENTIA: subira hufungua yote. Alitueleza hata mpangilio, kitu ambacho hakuwahi kufanya. "Vyote" na "hufungua" vikae upande wa kushoto, ambao haufunguliwi, ili mtoto avione mchana kutwa. "Subira" ikae upande wa kulia, ije mwisho, kwa sababu ndivyo subira inavyokuja.

Sisi alitueleza. Fundi hakumweleza. Alimpelekea vipande katika mfuko, vimechanganyika kama siku zote, akaenda matangani Lusangi.

Fundi aliutazama ukuta wake, yaani geti. Akaona neno nene moja na maneno membamba mawili. Akaliweka PATIENTIA kushoto, na OMNIA APERIT kulia. Kazi ilikuwa nzuri, herufi nyeupe zenye kivuli cha bluu, hata leo sijaona nzuri kuliko zile. Ila upande wa kulia ulipofunguliwa asubuhi ulijificha ndani, ukibeba "hufungua yote" pamoja nao, na kushoto likabaki neno moja tu la kuwakaribisha watu mchana kutwa: Subira. Wazazi walioitwa kwa prefe wakangojeshwa nje walitafsiriwa neno hilo na watoto wao, wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Mwalimu alirudi akawakuta wanacheka. Fundi alikuwa bado palepale, anafuta brashi kwa kitambaa, anangoja lile neno lake la "Latini imekubali". Sisi tulikuwa kwenye mstari, prefe yuko mlangoni.

"Nani alikuambia uweke hivi?" aliuliza Mwalimu.

Fundi alidhani ni mzaha. "Weye mwenyewe. Si unasema maneno iko huru?"

"Iko huru," alisema Mwalimu, na sauti yake haikuwa ile tunayoijua, "lakini si mukononi mwa mutu asiyejua kusoma anachoandika."

Nilikuwa mbali kidogo nikalisikia lote. Fundi alifunika kopo la rangi, akakigonga kifuniko kwa kiganja mpaka kikashika, akaenda. Sisi watoto tulijua kuwa kuna kitu kimevunjika, na nilimchukia Mwalimu siku ile kwa moyo wote, mimi niliyempenda.

Kesho yake asubuhi kila mmoja alisimama mlangoni kwake. Hakuna aliyesema jambo. Hakuna aliyecheka.

Ungedhani ni suala la wiki. Mwalimu alikuwa tayari kusameheana, alisema, hata siku hiyo hiyo; ila mdogo ndiye anayesalimu kwanza. Fundi naye, tulipomfuata, alikuwa tayari, moyo wake hauna kitu. Ila mdogo ndiye anayesalimu kwanza. Mwalimu alipita nyuma ya ua wa Fundi akikohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa. Fundi akiwa ndani aliinua wimbo wa kwaya kwa sauti ya kuamsha mtaa. Mke wa Mwalimu alichoka nao.

"Nenda umusalimie, bwana."

"Aanze yee. Yee ndiye mudogo."

"Na kama weye ndiye mudogo?"

"Basi dunia imegeuka."

"Latini inageuka kila siku na haifi," alisema mke wake. Mwalimu akaomba chai.

Devize za mji ndizo zilizoumia. Wachoraji wengine walikuwa na rangi, hawakuwa na macho. Neno lilianza kubwa mlangoni na kumalizika dogo kama sisimizi penye kona. Mwalimu alipita, mikono mgongoni, akasoma, akaondoka bila kusema kitu. Baadaye Fundi akarudi kwao Wamaza kulima, bila kuaga upande ule wa mtaa, na Mwalimu akaacha kukohoa.

Kiangazi kilichopita nilikuwa nafunga vitenge vyangu kituoni, nielekee Salamabila, nikamwona anakuja. Amezeeka, koti limemzidi mabega. Kwapani ana mchele umefungwa kwenye kitambaa. Aliniambia amesikia kwa mfanyabiashara mmoja kwamba Fundi amepigwa na tansio, yaani presha, mkono wa kulia umekufa, na maneno yake yamepinduka; anasema, lakini hata watoto wake hawamwelewi.

"Niko naenda Wamaza," alisema, kama mtu anayekwenda dukani.

Nikawaacha wateja wangu wangoje, tukachukua pikipiki mbili. Njiani alimfundisha dereva wake kuendesha, mpaka dereva akamwomba kwa heshima afumbe macho. Tuliposimama kunywa maji akanisogelea.

"Mwanangu. Nianze na 'nisamehe', ama nianze na salamu?"

"Zote za kweli, Mwalimu," nilimwambia, maana miaka yote niliingoja nafasi hiyo.

Hakucheka. "Ile ni ya maneno," alisema. "Hapa niko naogopa." Nikajuta kumchokoza, nikamshika mkono mpaka pikipiki zikawaka tena.

Tulimkuta Fundi nyuma ya nyumba, kwenye kiti, karibu na karanga zilizoanikwa, binti yake anazigeuza. Mkono wa kulia ulikuwa mapajani mwake kama wa mtu mwingine. Alituona tangu mbali. Hakuinuka, na sijui kama angeweza. Mwalimu alikwenda mpaka mbele yake, akasimama. Nilihesabu moyoni kwamba tutarudi na mchele wetu.

"Jambo, yaya," alisema Mwalimu.

Yaya! Mkubwa wangu! Binti hakujua kilichopita mbele yake. Aliendelea kugeuza karanga. Mimi nilitazama pembeni. Fundi midomo yake ilianza kufanya kazi, maneno yakatoka moja moja, kila moja kwa jasho lake.

"Kusoma… getini… weye… watoto… sijui… mbele… ulisema."

"Baba ndivyo anasema siku hizi," alisema binti yake kwa haya. "Musimufuate. Ni maneno tu, haina kichwa."

"Iko na kichwa," alisema Mwalimu. "Mumuache aseme yote."

Akaketi chini, kwenye mkeka, yeye aliyekuwa hakai penye vumbi. Akamwomba Fundi arudie, na Fundi akarudia, safari hii maneno yaleyale yakiwa yamekaa kwingine. Mwalimu alikuwa akiyapokea kwa vidole, anayapanga kwenye mkeka vipande visivyoonekana, anakisogeza kimoja, anakirudisha. Akafika mwisho. Nikauona uso wake ukibadilika kabla hajafungua kinywa, na kwa kitambo nilidhani atasema hakuelewa. Ingekuwa rahisi, hakuna mwingine pale ambaye angejua.

"Anasema," Mwalimu alisema polepole, akimtazama Fundi na si sisi, "weye ulisema, mbele ya watoto, pale getini, kwamba miye sijui kusoma."

Fundi aliinamisha kichwa. Ndiyo. Binti aliacha karanga. Tangu augue, hakuna aliyewahi kumaliza sentensi yake.

"Nilisema," alisema Mwalimu. "Mbele ya watoto wote. Huyu hapa alikuwa mmoja. Na ile kazi yako ilikuwa muzuri, na Latini ilikubali, miye ndiye nilikataa. Nisamehe, yaya."

Alikuwa analia, mzee yule, bila kujificha, na mimi pia. Fundi alinyoosha mkono wa kushoto, ule uliobaki, akaufikisha kwenye kofia ya Mwalimu. Akahangaika na midomo.

"Wangu," alisema.

Tukangoja. Kuku walipita kwenye karanga, hakuna aliyewafukuza.

"Mudogo," alisema Fundi.

"Naam, yaya," akaitika Mwalimu.